Kubadilisha Treni Japani Ukiwa na Masanduku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa ajili ya wanafunzi, wafanyabiashara wa magari, wajumbe wa semina na wazazi wanaokuja kutembelea watoto wao Japani. Wengi wanatua na masanduku makubwa, kisha wanakuta safari yao ina kubadilisha treni ndani ya dakika nane au kumi. Nimeanza na swali linalotia watu hofu kuliko yote.

Tiketi yangu inanipa dakika nane tu za kubadilisha treni. Nitawahi kweli?

Mara nyingi utawahi. Treni ya kwanza itafika dakika ileile iliyoandikwa, na ya pili itaondokea jukwaa lililotajwa kwenye ratiba. Kwenye Tokaido Shinkansen, njia ya treni za mwendokasi ya Tokyo hadi Shin-Osaka iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, wastani wa kuchelewa kwa treni moja ni kama dakika moja na kitu kwa mwaka mzima, siku za vimbunga na theluji zikiwa ndani ya hesabu. Kwa hiyo dakika nane ulizopewa hazitamegwa na ucheleweshaji wa njiani.

Zitamegwa na mizigo yako. Mwenye begi la mgongoni anapanda ngazi na kufika. Mwenye masanduku mawili ya kilo 23 anategemea lifti, na lifti ina foleni ya wazee na watu wenye vigari vya watoto, ambao wana haki ya kutangulia. Kipimo ninachowapa watu ni hiki: ukiwa na begi dogo, dakika nane nenda nazo. Ukiwa na sanduku moja kubwa, tafuta dakika 15. Ukiwa na mawili, au una mtoto mgongoni, tafuta 25. Kama kituo chenyewe ni Tokyo au Shinjuku, chukua nusu saa na usijute.

Kuna hali moja ambayo siikubalii muda mfupi hata kwa mtu asiye na mzigo: pale treni ya pili inapokuwa ya mwisho kwa siku hiyo, au inapokupeleka kwenye ndege. Shinkansen hazitembei kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Nozomi, treni ya haraka kuliko zote kwenye Tokaido, ya mwisho kutoka Tokyo kwenda Shin-Osaka huondoka mapema kuliko watu wanavyodhani, saa tatu na dakika ishirini na kitu usiku.

Nawezaje kupata muda zaidi kati ya treni na treni?

Programu kama Japan Travel by NAVITIME na ile ya Jorudan zina sehemu ya kuchagua mwendo wako wa kutembea. Chagua wa polepole, nayo itaacha kukupangia treni za kukimbilia. Ukiwa kwenye dirisha la tiketi, mwambie karani unataka treni inayofuata baada ya ile aliyokupa, kwani mfumo wake nao hutanguliza safari fupi kuliko zote. Kwenye Tokaido hakuna hasara kubwa: saa zenye pilikapilika Nozomi huweza kuondoka hata 12 kwa saa moja, hivyo kujisogeza nyuma kwa treni moja ni kama dakika kumi. Kwenye njia za vijijini ambako treni ni moja kwa saa au kwa saa mbili, afadhali uwahi treni ya kwanza mapema zaidi.

Na angalia saa. Ratiba zote Japani huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Treni ya 13:07 ni ya saa saba na dakika saba mchana, na ya 19:07 ni ya saa moja na dakika saba jioni. Ukiwa umechoka na safari ya ndege, kichwa huchanganya hizo mbili kirahisi. Ziandike kwa namna zote mbili kwenye karatasi kabla hujaondoka hotelini.

Nifike kituoni mapema kiasi gani?

Aliyezoea SGR ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, au ile ya Mombasa kwenda Nairobi, anajua kufika mapema, kupitisha mizigo kwenye mashine na kungoja ukumbini. Japani hakuna ukaguzi wa mizigo wala ukumbi wa kufungiwa. Unapita geti na kwenda moja kwa moja jukwaani. Kwa safari inayoanzia kituo usichokijua, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Ila jua kwamba dakika iliyoandikwa ni ya treni kuanza kutembea. Mlango hufungwa kabla yake, na hautafunguliwa tena kwa ajili ya mtu mmoja.

Shinkansen inaruhusu masanduku makubwa kiasi gani?

Kila abiria anaruhusiwa mizigo miwili, kila mmoja usizidi kilo 30, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 250. Tangu Mei 2020 kuna sharti la ziada kwenye njia za Tokaido, Sanyo na Kyushu, na baadaye ile ya Nishi-Kyushu: sanduku ambalo jumla yake ni sentimita 161 hadi 250 lazima likatiwe kiti chenye nafasi ya mzigo mkubwa. Viti hivyo viko mstari wa mwisho wa behewa, na sanduku hukaa nyuma yake. Kukata kiti hicho hakuongezi gharama. Ukipanda bila kukikata unatozwa yen 1,000, na kondakta anakuelekeza pa kuliweka.

Habari njema ni kwamba mashirika mengi ya ndege yana kipimo cha sentimita 158 kwa begi linaloingia tumboni mwa ndege. Sanduku la kawaida ulilotoka nalo Nairobi au Dar bila kutozwa ziada linapita chini ya 161. Yanayozidi ni maboksi na masanduku yaliyovimba kwa zawadi. Pima nyumbani kwa futi ya fundi cherehani, pamoja na magurudumu na mpini. Mfuko wa shangazi kaja unaweza ukapita kwa vipimo, lakini hauna magurudumu, na kwenye vituo vya Japani utatembea sana. Uache nyumbani.

Vigari vya watoto na ala za muziki havibanwi na sharti hilo la kukata kiti. Njia za kaskazini na za Hokuriku (upande wa Kanazawa) hazina sharti hilo kabisa.

Nikishaingia ndani, sanduku naliweka wapi?

La kuingia nalo ndani ya ndege linakaa rafu ya juu bila shida. La wastani linaweza kukaa mbele ya magoti yako, kwa sababu kati ya kiti na kiti cha mbele yake kuna sentimita 104, nafasi pana kuliko ya ndege. Usiliweke nyuma ya mstari wa mwisho kama kiti hicho si chako; zamani ilikuwa wazi kwa yeyote, sasa ina wenyewe. Treni za njia za kaskazini na za Hokuriku zina rafu za mizigo karibu na milango, na Narita Express, treni ya uwanja wa ndege wa Narita, ina rafu zenye kufuli za namba.

Kwa mtu mwenye kubadilisha treni, kiti kilicho karibu na mlango kina faida kuliko cha dirisha lenye mandhari ya Mlima Fuji. Unapokata tiketi, omba mstari wa kwanza au wa mwisho wa behewa.

Kuna njia ya kutobeba masanduku kabisa?

Ipo, na ningependa kila anayenisoma aitumie angalau kwa sanduku moja. Inaitwa takkyubin, huduma ya kusafirisha vifurushi kutoka mlango hadi mlango ambayo kampuni ya Yamato iliianzisha mwaka 1976. Utaitambua kwa alama ya paka mweusi aliyebeba mtoto wake mdomoni. Ziko kampuni nyingine pia, kama Sagawa.

Inakwenda hivi. Asubuhi unashuka mapokezi na sanduku lako na kusema unataka kulituma kwenye hoteli ya mji unaofuata. Karani anatoa utepe, anapima pande tatu, anakupa fomu. Unaandika jina na anwani ya hoteli unayokwenda, namba yake ya simu, jina lako kama lilivyo kwenye nafasi uliyokata, na siku utakayoingia pale. Hiyo ya mwisho ni muhimu kwa sababu hoteli hulitunza hadi siku hiyo. Unalipa, unapewa nakala yenye namba ya kufuatilia, fomu inabandikwa kwenye mpini, na sanduku linasukumwa nyuma ya kaunta. Kesho yake unaingia Kyoto na begi la mgongoni, na sanduku unalikuta mapokezi, mara nyingi limefunikwa mfuko wa plastiki.

Kati ya Tokyo na Kyoto au Osaka kwa kawaida mzigo hufika siku ya pili. Kutoka Tokyo kwenda Hokkaido au Kyushu, weka siku mbili. Bei hutegemea ukubwa na umbali; kwa sanduku kubwa tarajia kati ya yen 2,000 na 3,500. Uliza hoteli saa yao ya mwisho ya kupokea, maana gari likishapita, mzigo wako utaondoka kesho. Maduka ya 7-Eleven na FamilyMart nayo hupokea mizigo ya Yamato, na viwanja vikubwa vya ndege vina kaunta. Ukiutuma mzigo uwanja wa ndege kwa safari ya kurudi nyumbani, utume siku mbili kabla au zaidi.

Pasipoti, fedha taslimu, dawa na kompyuta hubaki mgongoni kwako, pamoja na nguo za usiku mmoja.

Najua kinachowazuia wengi wetu: kumkabidhi mtu usiyemjua sanduku lenye zawadi za ukoo mzima. Wasiwasi huo una sababu yake huko tulikotoka. Hapa Wajapani wenyewe hutuma vifaa vyao vya kuteleza kwenye theluji na mifuko ya gofu kwa njia hiyohiyo, na familia nyingi hazibebi sanduku kwenye treni zinapokwenda likizo. Fuatilia kwa namba yako ukitaka moyo utulie.

Na makabati ya kulipia yaliyoko vituoni?

Ni mazuri kwa kituo unachopita mchana na kurudi jioni. Madogo ni kama yen 400 au 500, makubwa 700 hadi 1,000 kwa siku, na mengi hupokea Suica, kadi ya kulipia nauli kwa kugusisha getini. Makubwa huwahi kujaa, hasa Kyoto. Piga picha namba ya kabati na geti lililo karibu nalo. Kituo kikubwa kina makundi mengi ya makabati yanayofanana kabisa.

Vituo gani nivipe muda wa ziada?

Tokyo kwanza. Shinkansen ziko upande wa mashariki, uitwao Yaesu. Narita Express iko upande wa magharibi, uitwao Marunouchi, chini ya ardhi ghorofa tano. Kati ya hizo mbili unavuka kituo kizima, tena katikati ya watu. Kibaya zaidi ni njia ya Keiyo, ile ya kwenda Maihama kwenye bustani za Disney. Kwenye ramani imeandikwa Tokyo, lakini ukiwa na sanduku utatembea dakika 10 hadi 15 kwenye korido ndefu zenye mikanda ya kutembeza watu. Yeyote anayekwambia Keiyo ni ya dakika tano hajawahi kwenda nayo na watoto.

Kumbuka pia kwamba Shinkansen za Tokyo ni za kampuni mbili. Majukwaa 14 hadi 19 ni ya Tokaido, kwenda Nagoya, Kyoto na Osaka. 20 hadi 23 ni ya kaskazini na Hokuriku. Yamekaa jirani, lakini mageti yake ni mbalimbali.

Shinjuku ndicho kituo kinachotambuliwa na Guinness kuwa na abiria wengi kuliko vyote duniani, mamilioni kwa siku, na kina milango zaidi ya 200. Ukiweza kubadilishia kwingine, fanya hivyo. Usipoweza, jua jina la mlango wako wa kutokea kabla treni haijasimama.

Kyoto inaonekana rahisi, lakini anayeshuka Shinkansen, majukwaa 11 hadi 14, na kutaka treni ya Haruka ya uwanja wa ndege wa Kansai anatakiwa jukwaa 30, upande wa pili wa kituo. Weka dakika 15.

Kisha kuna Tsuruga, na hapa ndipo ujumbe mwingi ninaoupokea unapotoka. Tangu tarehe 16 Machi 2024, Hokuriku Shinkansen inaishia Tsuruga, na yeyote anayetoka Osaka au Kyoto kwenda Kanazawa lazima abadilishe hapo. Treni ya Thunderbird inafika ghorofa ya chini, majukwaa 31 hadi 34. Shinkansen inaondokea ghorofa ya tatu, majukwaa 11 hadi 14. Katikati, ghorofa ya pili, kuna mageti. Muda mfupi kabisa wa ratiba ni dakika nane. Kituo kilijengwa kwa kazi hiyo, ngazi za umeme ni nyingi na mabango yako wazi. Lakini fikiria treni nzima inashuka kwa pamoja na kuelekea juu, kila mtu akiburuta begi. Usijitose katikati ya wimbi hilo na masanduku mawili. Kama una haja ya lifti, simama karibu na mlango wa behewa kabla treni haijasimama, uwe miongoni mwa wa kwanza. Ukiachwa na wimbi, pumua, tiketi ikiwa mkononi. Likishapita ngazi hubaki tupu, na bado kuna dakika nne za kupanda ghorofa mbili.

Na vipi vilivyo rahisi?

Shin-Kobe ni kipenzi changu. Kina majukwaa mawili tu, moja kwa kila upande wa safari. Anayetoka Tokyo kwa treni iitwayo Hikari kwenda Hiroshima kwa ile iitwayo Sakura anashuka na kungoja palepale alipoteremkia. Wengi hupangiwa kubadilisha Shin-Osaka kwa sababu ni kikubwa, bila kujua kwamba kituo kinachofuata hakina ngazi hata moja ya kupanda.

Takeo-Onsen, njiani kwenda Nagasaki, ni kizuri zaidi. Tangu Septemba 2022 treni ya Relay Kamome kutoka Hakata inasimama upande mmoja wa jukwaa na Shinkansen inangoja upande wa pili. Unapewa dakika kama tatu, nazo zinatosha hata kwa bibi mwenye mkongojo, kwa kuwa unavuka jukwaa tu.

Natua Narita, Haneda au Kansai na masanduku mawili. Nibadilishie wapi?

Toka Haneda, panda treni ya Keikyu hadi Shinagawa, robo saa hivi. Kuna geti la kuunganisha na JR, kundi la kampuni za reli zinazoendesha Shinkansen, na Shinkansen zote za Tokaido husimama hapo. Usiende Tokyo kwa sababu tu jina unalijua.

Toka Narita, Narita Express nayo hufika Shinagawa baada ya Tokyo. Majukwaa yake pale yako jirani na ya Shinkansen, hivyo unakwepa zile ghorofa tano za chini. Kama unakwenda kaskazini huna budi kubadilishia Tokyo au Ueno, basi jipe muda.

Toka Kansai, Haruka inakupeleka Shin-Osaka kwa kama dakika 50 na kuendelea Kyoto bila kubadilisha. Anayelala Kyoto asishuke Shin-Osaka.

Geti la kubadilishia treni linanichanganya. Niingize tiketi ipi?

Kwa Shinkansen kwa kawaida una tiketi mbili: moja ya nauli, nyingine ya mwendokasi na kiti. Ziweke pamoja, moja juu ya nyingine, na uziingize kwa mkupuo mmoja. Mashine huzimeza zote, huzisoma, na kuzitoa upande wa pili. Zichukue zote zinazotoka. Watu wengi huondoka na moja kwa haraka, kisha geti la mwisho linawafungia.

Kama kutoka kituo cha mtaani uliingia kwa Suica na tiketi yako ya Shinkansen ni ya karatasi, ingiza karatasi kwanza, halafu gusisha kadi palepale. Usipogusisha, kadi itabaki inahesabu kwamba bado uko safarini, na siku ya pili itakataa. Wahudumu hulirekebisha, lakini utapanga foleni.

Geti likikufungia, usilisukume. Pembeni daima pana geti pana lenye mhudumu, na ndilo linalowafaa wenye masanduku hata kama tiketi haina tatizo.

Nitumie lifti au ngazi za umeme?

Sanduku moja, ngazi za umeme: lisimamishe, shika mpini, usiliachie. Mawili, lifti. Tokyo watu husimama kushoto, Osaka kulia, lakini Saitama tangu Oktoba 2021 na Nagoya tangu Oktoba 2023 wana kanuni ya kusimama pande zote bila kutembea. Kwa hiyo usiogope kuziba njia, simama.

Kwenye metro ya Tokyo, nguzo za jukwaani zina chati inayoonyesha behewa lipi linasimama karibu na lifti ya kila kituo. Dakika moja ya kuisoma kabla ya kupanda inakuokoa kutembea jukwaa zima.

Nijiandae kushuka wakati gani?

Kituo cha katikati ya njia, Shinkansen husimama dakika moja hadi mbili. Tangazo hutolewa dakika chache kabla, kwa Kijapani na Kiingereza, na husema mlango utafunguka upande gani. Likisikika, simama, teremsha sanduku, vaa begi, nenda kwenye kibaraza kilicho kati ya mabehewa. Mkiwa familia, mmoja atangulie na masanduku, mwingine afuate na watoto. Anayesubiri treni isimame ndipo aanze kushusha mizigo rafuni anakutana na wanaoingia.

Nikiachwa na treni, tiketi imekufa?

Hapana. Tiketi ya kawaida ya kiti maalumu inakuruhusu, siku hiyohiyo, kupanda treni ya baadaye kwenye mabehewa ya viti visivyokatiwa nafasi. Hulipi kitu, ila kiti hakina uhakika. Ukiona mapema kwamba hutawahi, badilisha kabla treni haijaondoka; kwa tiketi ya karatasi mara ya kwanza ni bure.

Angalia mambo mawili. Tiketi za punguzo la kukata mapema zina masharti magumu zaidi, hivyo usizinunue kwa siku yenye muda mfupi wa kubadilisha treni. Na misimu ya Mwaka Mpya, Golden Week mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, na Obon katikati ya Agosti, Nozomi huwa na viti vya kukatwa tu. Hikari na Kodama, treni za polepole zaidi za njia hiyohiyo, bado huacha mabehewa ya viti huru.

Treni ya kwanza ikichelewa na nikakosa ya pili?

Hapo kosa si lako. Nenda kwa mhudumu wa geti au dirishani, onyesha tiketi zako zote, naye atakuweka kwenye inayofuata bila malipo. Treni ya mwendokasi ikichelewa kufika kwa saa mbili au zaidi, unarudishiwa ada ya mwendokasi. Hii ndiyo sababu ya kukata safari nzima kama safari moja, badala ya vipande vya kampuni tofauti.

Muda umeisha; naweza kupanda mlango wowote kisha nitembee ndani?

Kwa treni nyingi, ndiyo, na ni bora kuliko kukimbia jukwaani na sanduku. Treni ya Tokaido ina mabehewa 16 na urefu wa mita 400, hivyo kuna kutembea, lakini uko ndani.

Tahadhari ni kwa treni zilizoungwa pamoja. Hayabusa na Komachi hutoka Tokyo zikiwa zimeshikana, mabehewa 1 hadi 10 na 11 hadi 17, na hakuna njia ya kupita kutoka moja kwenda nyingine. Morioka zinaachana: moja inakwenda upande wa Aomori, nyingine Akita. Yamabiko na Tsubasa nazo hufanya hivyo Fukushima. Kwa hizo, tafuta namba ya behewa lako kabla ya kupanda.

Saa gani nisitembee na masanduku mjini?

Siku za kazi, kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, na tena saa kumi na moja na nusu hadi saa moja na nusu jioni.

Nasafiri na mzee asiyeweza kutembea mbali.

Mwambie mhudumu wa geti mapema, ikiwezekana siku moja kabla. Vituo vikubwa vina viti vya magurudumu, na wahudumu humsindikiza abiria hadi ndani ya behewa, kisha hupiga simu kituo cha kushukia ili apokewe mlangoni. Huduma hii hailipiwi.

Nina Japan Rail Pass, tiketi ya wageni ya kupanda treni za JR kwa siku kadhaa. Kuna tofauti?

Oktoba 2023 ya siku saba ilipanda hadi yen 50,000 kwa behewa la kawaida, kwa hiyo piga hesabu kwanza kama inakulipa. Nozomi na Mizuho, zile za haraka zaidi, zinahitaji ada ya ziada. Bila ada hiyo utatumia Hikari na Sakura, na ndipo Shin-Kobe inapokuwa na maana kubwa. Faida ni kwamba ukiachwa na treni unakata kiti kingine bila kulipa.

Nimepotea ndani ya kituo na dakika zinakwisha. Nimuulize nani?

Mhudumu wa geti lolote, hata kama si geti lako. Usianze kueleza safari yako kwa maneno. Mwonyeshe tiketi yenye jina la treni na saa. Atasoma, atakuandikia namba ya jukwaa au kukuonyesha kwa mkono. Mabango mengi yana Kiingereza, na Shinkansen huwa na mchoro wa treni unaotokea karibu kila kona. Ukimwona mhudumu ametazama saa yake na kutikisa kichwa, acha kukimbia na muulize hapohapo ni treni gani inayofuata.